Kauli Isiyosemwa: Mantiki, Ukweli na Uwanda wa Basotu

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mantiki, yaani elimu inayochunguza jinsi kauli moja inavyofuatana na nyingine kwa lazima, na juu ya uhusiano wake na ukweli upande mmoja, na lugha upande wa pili. Najua kwamba elimu hii hudhaniwa kuwa ni mali ya vyuo vikuu na ya watu wenye nafasi ya kukaa na vitabu. Lakini nimeichagua nikiwa na yakini kwamba katika wilaya zetu mbili, Mbulu na Hanang, maswali yake yamekwisha kuulizwa kwa uzito mkubwa, mbele ya majaji, na kwamba majibu yaliyotolewa yaliamua nani atalisha ng'ombe wake wapi na nani atahama.

Tuanze na lililo jepesi. Mtu akisema kwamba kila mlima una theluji kileleni, kisha akasema kwamba Hanang ni mlima, basi hana budi kusema kwamba Hanang una theluji kileleni. Kila mkazi wa Katesh, kandokando ya Hanang, anajua kuwa natija hiyo ni uongo, kwa maana mlima ule, wenye urefu unaozidi kidogo mita 3,400, hauna theluji. Lakini hakuna awezaye kulaumu namna kauli zile zilivyofungamana, kwa sababu lau mbili za kwanza zingekuwa kweli, ya tatu isingeweza kuwa uongo. Hapa ndipo penye tofauti ambayo wenye hekima wote wa mantiki, tangu Aristotle hadi leo, wameishikilia: usahihi wa hoja ni jambo moja, na ukweli wa natija yake ni jambo jingine. Mantiki ni mfereji: huyafikisha maji shambani bila kumwagika, lakini haiyaumbi, na chemchemi ikiwa chafu, mfereji mzuri utafikisha uchafu ule ule kwa uaminifu. Ukweli lazima uwemo tangu mwanzo, katika kauli zinazotangulia, na kazi ya kuuweka humo ni ya macho, ya kumbukumbu, ya mashahidi na ya lugha.

Hiyo lugha ndiyo iliyowagawanya wanazuoni zamani. Katika karne ya 10, mjini Baghdad, mbele ya waziri Ibn al-Furat, walikabiliana Abu Bishr Matta, bingwa wa mantiki ya Kiyunani, na Abu Said al-Sirafi, bingwa wa nahau ya Kiarabu, na habari ya mjadala wao tumehifadhiwa na mwandishi Abu Hayyan al-Tawhidi. Matta alidai kwamba mantiki hushughulika na maana wala si maneno, na kwamba maana ni za watu wote, kama ambavyo nne na nne ni nane kwa kila taifa. Al-Sirafi alimjibu kwamba mantiki hiyo ilitungwa na Myunani kwa lugha ya watu wake, kwa istilahi walizozizoea wao, basi Mturuki, Mhindi, Mwajemi na Mwarabu wana wajibu gani wa kuifanya hakimu juu yao. Tena akasema kwamba lau mambo yote ya akili yangekuwa wazi kama nne na nne, hitilafu zisingebaki baina ya watu. Kwa mujibu wa masimulizi yale, aliyetoka na ushindi siku ile ni mtu wa nahau.

Nawaomba, wasikilizaji, tuulete mjadala huo wa Baghdad huku kwetu, kwa sababu Mungu ameijaalia nchi hii kuwa mahali pake hasa pa kujaribiwa. Ni nadra sana ulimwenguni kukuta, katika mwendo wa siku chache kwa miguu, lugha zilizo mbali kwa asili kama hizi zetu. Wairaqw wa Mbulu wanasema lugha ya Kikushi, ambayo jamaa zake wako Ethiopia na Somalia. Wadatoga, ambao Wabarabaig wa Hanang ni tawi lao kubwa, wanasema lugha ya Kinailoti. Wanyaturu na Wanyiramba wanasema lugha za Kibantu, ndugu za Kiswahili. Nao Wahadzabe wa bonde la Yaeda na pembe za ziwa Eyasi wana lugha yenye sauti za kubofya ulimi, ambayo wataalamu wameshindwa kuithibitishia undugu na lugha nyingine yoyote. Mnyaturu huzipanga nomino zake katika ngeli nyingi, kama sisi tunavyosema mtu na watu, kiti na viti. Mwiraqw huzigawa kwa jinsia ya kiume, ya kike na ya tatu isiyo hii wala ile. Mhadzabe naye ana ya kiume na ya kike. Mwiraqw aghalabu hukiweka kitenzi mwisho wa sentensi, ilhali Mdatoga hupenda kuanza nacho.

Sasa, watu hawa wote hukutana mnadani siku ya soko. Huuziana ng'ombe, mbuzi, mahindi na asali. Hukopeshana, hudaiana, huozana, na wakikhitilafiana husuluhishwa. Lau kila lugha ingekuwa na mantiki yake, deni la Mbarabaig kwa Mwiraqw lisingeweza kudaiwa, kwa maana lile linalofuata kwa lazima katika lugha ya mmoja lisingefuata katika lugha ya mwingine. Lakini mtu akiahidi kwamba mvua ikinyesha kabla ya mwezi kuandama atalipa mtamba, na mvua ikanyesha, na mwezi haujaandama, hakuna mzee wa kabila lolote kati ya hayo atakayesema kwamba deni halijaiva. Wala hakuna atakayekubali kwamba mtamba yule yule alilipwa na hakulipwa. Mpangilio wa maneno hubadilika, viambishi hubadilika, sauti hubadilika. Ufuatano wa kauli haubadiliki. Katika hili Matta alikuwa na haki, na ushahidi wake ningeutafuta mnadani kabla ya kuutafuta maktabani.

Ni vema tuwe waangalifu, kwa sababu hiyo hiyo, na wale wanaotoka katika sarufi wakaruka moja kwa moja hadi kwenye fikra. Mwanazuoni mashuhuri wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alitazama nyakati za vitenzi katika lugha za Kikamba na Kikuyu, akaona kwamba hazina namna ya kutaja wakati ujao wa mbali, akahitimisha kwamba Mwafrika wa jadi alikuwa na wakati mrefu uliopita, na wakati ujao mfupi mno. Namheshimu mzee huyo kwa elimu yake. Lakini baina ya kauli yake ya kwanza na natija yake kuna pengo. Kukosekana kwa kiambishi hakuthibitishi kukosekana kwa wazo. Mbarabaig anayeyaacha malisho mazuri bila kuyagusa leo ili yamfae msimu mwingine anaufikiri wakati ujao kwa vitendo vyake, hata kama hutampata akiutaja kwa kitenzi cha namna fulani.

Na ukweli je? Mwanamantiki wa Poland, Alfred Tarski, katika maandishi yake ya mwaka 1933, alitoa kanuni ambayo kwa kuisikia mara ya kwanza huonekana kama kusema jambo lile lile mara mbili. Kwa mfano wa kwetu, ni kwamba kauli isemayo "ziwa Basotu liko Hanang" ni kweli ikiwa ziwa Basotu liko Hanang, wala si kweli pasipo hayo. Lakini tazameni faida yake. Upande wa kwanza wa kanuni hiyo kuna kauli, ambayo ni ya lugha, na watu wanaweza kuibadili. Upande wa pili kuna ziwa, ambalo si la lugha yoyote. Kauli tano katika lugha zetu hizo tano zitakuwa kauli tano mbalimbali, na zote zitasimama au kuanguka kwa ziwa moja. Kwa hiyo lugha ina mamlaka juu ya jinsi tunavyosema, wala haina mamlaka juu ya kuwapo au kutokuwapo kwa tunalolisema.

Lakini msidhani kwamba al-Sirafi ameshindwa kabisa. Alisema kwamba mambo ya watu si kama nne na nne, naye alisema kweli. Watu wanaposema hawazitaji kauli zao zote. Jambo linalojulikana na kila mtu aliyepo halisemwi, kwa kuwa kulisema ni kuwadharau wasikilizaji. Hoja zetu za kila siku husimama juu ya kauli nyingi zilizofichika chini ya ulimi, na maadamu wasemaji wanaishi pamoja, hoja hizo huwa imara. Hatari huanza pale hoja inapopelekwa mbele ya mtu asiyeishi nasi, katika lugha isiyo yetu, na chini ya kanuni isemayo kwamba lisilosemwa halipo. Hilo ndilo lililotokea Hanang.

Katika miaka ya 1970 na 1980, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, kwa msaada wa serikali ya Kanada, lilifungua katika uwanda wa Basotu mashamba makubwa saba ya ngano, ambayo kwa jumla yalifikia ekari zipatazo 100,000. Uwanda ule ulikuwa malisho ya Wabarabaig. Ufugaji wao ulikuwa wa kuhamahama kwa mpango: sehemu zenye udongo wenye rutuba na nyasi bora, walizoziita muhajega, zililishwa kwa msimu wake, kisha zikaachwa zipumzike, wakati mifugo ikipelekwa kwingine. Aliyepita pale nje ya msimu aliona nyasi bila ng'ombe, na nchi bila nyumba, akasema kwamba nchi haitumiwi. Tuipime hoja hiyo. Kauli iliyosemwa ni kwamba leo hapa hapana mifugo; natija ni kwamba hapa hapana mwenyewe; na kauli iliyofichika katikati, ambayo bila yake natija haifuati, ni kwamba nchi isiyo na mifugo leo haina mwenyewe siku zote. Lau kauli hiyo ingetamkwa waziwazi mbele ya wazee, wangeikanusha papo hapo, na makaburi ya wazee wao, yaliyojengwa kwa heshima katika uwanda ule, yangetosha kuwa ushahidi. Wabarabaig walilalamika kwamba hata baadhi ya makaburi hayo yalilimwa.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, Halmashauri ya kijiji pamoja na watu 67, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki. NAFCO ilikata rufani, na katika hukumu iliyomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 1985, Mahakama ya Rufani ikaitengua. Juu ya Halmashauri ilisemwa kwamba haikugawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Juu ya wanakijiji, hoja ilikwenda hivi: haki ya kushika ardhi kwa mila ni ya mwenyeji wa asili, kwa maana iliyowekwa na sheria iliyorithiwa kwa Waingereza, wadai hawa hawakuithibitishia mahakama kwamba wao ni wenyeji wa asili kwa maana hiyo, basi hawakuthibitisha kwamba walikuwa na haki hiyo.

Ndugu zangu, nataka tuitazame hoja hii kwa insafu, bila hasira. Kwa umbo lake haina kasoro. Ukikubali kauli mbili zilizotangulia, ya tatu huna pa kuikwepa. Tena mahakama haikusema kwamba watu wale ni wageni. Ilisema kwamba jambo hilo halikuthibitishwa mbele yake. Na hapa mantiki inatufundisha jambo ambalo kila mmoja wetu ni lazima alishike: kutothibitishwa si kukanushwa. Kauli inaweza kuwa kweli tangu enzi za mababu, na isiwe na ithibati hata moja katika jalada. Ukweli hukaa katika dunia, ithibati hukaa katika maandishi, na baina ya hivyo viwili kuna kazi ambayo mtu asipoifanya, ukweli wake hautamfaa kitu. Nani katika Hanang angewaza kusimama mbele ya watu na kuthibitisha kwamba Mbarabaig ni mwenyeji wa Afrika? Lilikuwa jambo la wazi mno, na kwa sababu lilikuwa wazi mno halikusemwa, na kwa sababu halikusemwa halikuandikwa, na kwa sababu halikuandikwa nchi ikaenda. Hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, na wenye kadhia walikuwa wasemaji wa Kidatoga. Lakini kilichokosekana si tafsiri, ni ile kauli isiyosemwa.

Sasa sikilizeni kadhia ya pili, iliyotokea Kambi ya Simba, huko Mbulumbulu, katika nchi ya Karatu ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay waliipinga sheria ya mwaka 1992 iliyokusudia kufuta haki za ardhi za kimila za kabla ya Operesheni Vijiji, yaani kampeni ya kuwahamishia watu vijijini, na kuzima mashauri yake mahakamani. Mwaka 1994 shauri likafika Mahakama ya Rufani, na hukumu ikaandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Upande wa Serikali ulidai kwamba haki ya ardhi ya kimila si mali, na kwa hiyo hailindwi na ibara ya 24 ya Katiba.

Tazameni jinsi Jaji Mkuu alivyofikiri. Kwanza aliifuata kauli ile hadi mwisho wake, akasema kwamba ikiwa ni sahihi, basi wakazi wengi wa Tanzania Bara hawana tofauti na wavamizi katika nchi yao wenyewe. Mtu mwenye haraka angesimama hapo, akasema kwamba natija hii inachukiza, basi kauli iliyoizaa ni uongo. Nyalali hakufanya hivyo. Alisema kwamba ikiwa hivyo ndivyo sheria ilivyo, wajibu wa mahakama ni kukubali bila hofu wala upendeleo, baada ya kuichunguza sheria yenyewe na msingi wake. Huo ni uadilifu wa mantiki katika daraja yake ya juu, kwa sababu natija mbaya ni sababu ya kuchunguza, wala si ithibati ya uongo. Ndipo akaichimbua kauli iliyofichika: kwamba ardhi ya umma imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini, kwa ajili ya wenyeji wa nchi. Na mdhamini hawi mdhamini pasipo mtu anayedhaminiwa kitu chake. Kwa hiyo wenyeji hawawezi kuwa wavamizi wa kile kilichowekwa amana kwa ajili yao, na haki yao ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Mahakama ikabatilisha vifungu kadhaa vya sheria ile.

Ziwekeni kadhia hizi mbili pamoja, mtaona kwamba mantiki ni ile ile. Majaji wa mwaka 1985 hawakuwa na sheria za fikra tofauti na zile za majaji wa mwaka 1994. Tofauti ilikuwa katika kauli zilizotangulia: katika kadhia ya kwanza kauli ya haki ilibaki bila kusemwa na ikahesabiwa kuwa haipo, katika ya pili kauli ya haki ilikuwa imelala chini ya sheria, ikatafutwa, ikatamkwa, ikatumika. Matta alisema kweli kwamba umbo la hoja ni la watu wote, na al-Sirafi alisema kweli kwamba umbo peke yake halimalizi hitilafu za watu. Huo ndio msimamo wangu katika suala hili: anayeitafuta haki kwa mantiki tupu ataipata natija yoyote ambayo mwenye kuziweka kauli za kwanza alimkusudia, na anayeitafuta bila mantiki hatajua hata pale alipodhulumiwa.

Basi naomba jambo moja kwenu, hasa ninyi mnaohudhuria mikutano ya vijiji, mnaokaa katika mabaraza ya ardhi, na ninyi walimu mnaowafundisha vijana kuandika insha. Hoja yoyote ikiletwa mbele yenu, kabla ya kuuliza kama inawapendeza, ulizeni ni kauli gani haikusemwa ambayo bila yake hoja hii haisimami. Kisha mtakeni msemaji aitamke, aitetee, na alete shahidi wake. Mkiwa ninyi ndio wenye kudai, msitegemee kwamba jambo linajulikana na wote. Liandikeni, lishuhudieni, mliweke katika jalada wakati wazee wanaolijua wangali hai. Nafasi ya kufanya hivyo leo ni pana kuliko zamani, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inatamka waziwazi kwamba haki ya ardhi ya kimila ina hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati, na sheria iliyopitishwa mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Kilichokuwa kikifichika sasa kimeandikwa, tena lugha ya kukidai kila mmoja wetu anayo kinywani. Kisemeni.